Kuku wa Kuombea Jina

Mwezi uliopita nilikwenda hospitali moja hapa mjini Arusha kupima macho, maana siku hizi gazeti nalisoma kwa kulisogeza mbali mpaka mkono unaisha. Tulikuwa tumejaa kwenye mabenchi, dirisha lenyewe moja. Muuguzi akachungulia na faili mkononi, akaita, "Heleni!" Tukasimama wanawake watatu. Mmoja alikuwa mama mtu mzima aliyeshuka kutoka mlimani, ana kanga mbili na fimbo, akasema yeye ni Elena. Wa pili alikuwa binti mwenye kucha ndefu, akamsahihisha muuguzi kwamba ni "Helin", na akalitamka kama anaonja pipi. Wa tatu ni mimi, Helena, kama lilivyoandikwa kwenye cheti changu cha ubatizo. Muuguzi akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Jamani, mkubaliane basi." Mabenchi yote yakacheka. Na lile faili likaja kuwa la mwanamke wa nne, aliyekuwa amekwenda chooni.

Nilikaa tena, lakini kichwani nilishafika mtaani kwetu, Sombetini ya zamani, nina miaka tisa, nimenuna, nimeling'ang'ania jina hilohilo nisinyang'anywe. Ngoja nikusimulie, rafiki yangu. Kisa hiki nyumbani kwetu kinasimuliwa kila sikukuu, na kila anayekisimulia ananilaumu mimi. Upande wangu haujawahi kusikilizwa.

Sombetini ya miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, ilikuwa ni nyundo tu. Tangu asubuhi hadi jua linazama ungesikia watu wanapigilia mabati, wanagonga kokoto, wanabishana na fundi. Kila mtu alikuwa anajenga na hakuna aliyekuwa amemaliza. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili vyenye paa na viwili visivyo na paa, na katika hivyo visivyo na paa mama alipanda mchicha. Madukani vitu vilikuwa vimerudi. Kulikuwa na sabuni za rangi zinazonukia maua, siagi ya kopo, biskuti zenye krimu katikati. Mama alikuwa bado ananunua sukari kwa wasiwasi, anaificha chini ya kitanda, asije akaamka kesho akaambiwa imeadimika tena. Baba alikuwa anauza mitumba sokoni. Akifungua robota jipya alirudi nyumbani anakohoa ile dawa yake, na sisi wote tulinukia hivyo, hata mkate wetu. Mpaka leo nikipita kwenye mitumba mipya nasikia njaa.

Sasa habari ya jina. Baba yangu ni mtu wa Machame, kule Kilimanjaro. Mama ni wa hapahapa, Mmeru wa mlimani, wanakolima kahawa na ndizi. Pande zote mbili ni Walutheri, na pande zote mbili zina desturi moja: mtoto wa kike wa kwanza anapewa jina la bibi mzaa baba, wa pili anapewa la bibi mzaa mama. Jambo hilo halina mjadala. Lakini wamisionari wa zamani nadhani walikuwa na mfuko mdogo wa majina, kwa sababu bibi yangu wa Machame na bibi yangu wa mlimani walibatizwa jina lilelile. Machame walilimaliza kwa "e", Helene, kama walivyolisikia kwa Wajerumani. Mlimani hawakuwa na haja na ile "H" hata kidogo. Walisema Elena, na ile "le" wakaivuta taratibu. Shuleni mwalimu alisema Heleni. Jina lilikuwa moja, ila kila mlango lilipopita lilivaa nguo nyingine.

Nilipozaliwa mimi, wa kwanza, baba alifurahi sana. Alisimama kwenye sherehe ya ubatizo, soda mkononi, akatangaza kwamba Mungu ni mwema, amewaita mabibi wote wawili kwa mtoto mmoja, hakuna deni upande wowote. Watu wa Machame walipiga makofi. Bibi wa mlimani alitabasamu, akala, akashukuru, akafunga kanga yake vizuri. Walipokuwa njiani kurudi ndipo alipomwambia mama mdogo wangu maneno mawili tu: "Wangu bado."

Akangoja. Baada yangu walikuja wavulana wawili, wakachukua majina ya mababu bila matatizo. Binti zake wengine bibi walizaa wavulana watupu. Akangoja miaka tisa. Ndipo mama akajifungua mtoto wa kike, mwezi wa saba, baridi ile inayoshuka na ukungu mpaka maji ya bomba yanauma vidole.

Siku ya tatu bibi aliletwa na lori la mbao kuja kulea mzazi. Alishuka na mkungu wa ndizi mshare za kupikia mtori, kibuyu cha maziwa ya mgando, siagi ya kienyeji ndani ya jani la mgomba, kigoda chake mwenyewe kwa kuwa viti vya mjini vilimuumiza mgongo, na kwapani kuku mtetea mwekundu. Sote tulijua kuku wa uzazi ni wa supu. Wadogo zangu walianza kugawana mapaja palepale. Bibi akamfunga yule kuku mguu kwenye nguzo ya banda la jikoni, akamwekea maji kwenye kopo, akasema, "Huyo asiguswe." Akaingia jikoni kuwasha moto.

Wiki ile nyumba ilikuwa nzuri, lazima niseme kweli. Kulikuwa na harufu ya mtori tangu alfajiri, ndizi na nyama zikipondwa kwa mwiko, na siagi ikielea juu. Mimi nilikuwa namenya ndizi, nafua nepi, nafagia uwanja wenye vumbi jeusi. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Bibi alikuwa anaimba tenzi za kanisani kwa Kimeru, polepole, na mama alilala akasikiliza kama yeye ndiye mtoto. Kitu kimoja tu kilikuwa hakijakaa sawa: mtoto hakuwa na jina. Tulimwita Mgeni.

Baba alijaribu. Alikuwa anarudi jioni na majina aliyoyasoma kwenye lebo za magauni. Moja lilimkaa sana moyoni. Alilisema kwa fahari wakati wa kula: Viskosi. Alisema ni jina la Ulaya, jepesi, halina mtu mwingine hapa Arusha. Jirani yetu, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa darasa la tatu, alikuwa amekuja kumwona mtoto. Akaweka kikombe chini. "Baba Heleni," akasema kwa upole, "hicho ni kitambaa. Ni kama umwite mtoto Marekani ya Kanzu." Mama alicheka mpaka akashika tumbo, akasema kidonda kinauma, akacheka tena. Baba hakuleta lebo nyingine.

Kicheko kilipoisha mama akasema, bila kumtazama mtu, "Huyu ni wa kwetu."

Baba akajibu kwamba anajua ni wa kwao, anaheshimu, lakini jina lipo tayari ndani ya nyumba, analo huyu hapa, na akanielekezea kijiko. Watoto wawili wa tumbo moja hawawezi kuitwa jina moja. Shuleni mmoja akikosea wote watachapwa. Mwalimu akakubali kwamba hilo linawezekana kabisa. Mama akasukuma sahani yake kando. Hata wadogo zangu waliacha kutafuna.

Bibi alikuwa pembeni anamfunga mtoto vizuri. Akasema, "Basi aulizwe mwenye jina."

Jumamosi baada ya chai bibi aliingia chumbani akatoka amevaa nguo za kanisani: gauni la buluu lenye kola nyeupe, kitenge juu, kilemba kimepigwa pasi. Nikadhani kuna msiba. Akaniambia nikae kwenye kigoda chake, uani, yeye akabaki amesimama. Mama alikuwa mlangoni na mtoto begani. Baba alikuwa ananyoa ndevu, kioo kimeegemezwa ukutani. Akaanza kucheka, mama akamkata jicho, naye akarudi kwenye wembe wake, povu usoni.

Bibi akamfungua kuku, akamshika kwa mikono miwili, akainama mbele yangu kama wanawake wa kule wanavyoinama mbele ya wazee. Mimi, mtoto mwenye pengo.

"Mama," akaniambia, "nimekuja kuomba. Jina mlilo nalo ninyi wa Machame ni lenu, mlipewa kwa haki, sina neno. Lakini na mimi ninalo langu, na halina mtoto. Nakuomba uniruhusu mdogo wako aitwe. Kuku huyu ni wa kuombea. Ukikubali, atachinjwa tule wote. Ukikataa, nitarudi naye mlimani, na hatutagombana."

Nikasema, "Hapana. Ni langu."

Baba akajikata kidevu.

Bibi hakubadilika uso. Akasema, "Nimesikia. Lakini hilo ni la haraka. Mimi nitangoja la pili." Akarudi akamfunga kuku kwenye nguzo, akavua kitenge, akaendelea kuchochea moto. Hakuna aliyenipiga. Hakuna hata aliyenigombeza, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Nakuomba unielewe. Likizo ya mwezi wa sita na wa saba ilikuwa yangu. Kila mwaka nilipelekwa mlimani kwa bibi, peke yangu, bila wale wavulana, na siwezi kukueleza raha yake. Tulikuwa tunaamka kuna ukungu huoni hata zizi. Mfereji ulipita nyuma ya nyumba, maji yake baridi mpaka meno yanaganda. Mchana tulichuma kahawa, bibi ananiachia matawi ya chini, na jioni tulikula loshoro, ndizi na mahindi kwenye maziwa ya mgando, moshi wa kuni umejaa jikoni na macho yanatoka machozi, na bado hutaki kutoka nje. Mwaka ule sikwenda. Sababu ni Mgeni. Kitanda changu alikipata Mgeni na mama, mimi nikalazwa na wavulana wanaopiga mateke. Hata kikombe changu cha bati chenye ua kilikuwa kinachemshiwa maji yake. Kitanda kimekwenda, likizo imekwenda, sasa wananiomba na jina. Mtoto wa miaka tisa ana mali gani nyingine?

Basi tukakaa hivyo. Kuku akaanza kutaga. Bibi akatutangazia kwamba yai la kuku wa kuombea haliliwi mpaka jibu lipatikane, kwa kuwa bado halina mwenyewe. Nimewauliza wajomba zangu wote kama hiyo ni mila ya kweli, na kila mmoja ananijibu lake. Mimi naona aliitunga palepale uani. Mayai yakawa yanapangwa kwenye kapu juu ya kabati, mahali ambapo wote tungeyaona. Yalipofika saba wadogo zangu waliacha kuongea na mimi. Mwalimu akipita kwenda bombani alikuwa anauliza, "Kesi imefikia wapi?" na bibi anamjibu, "Hakimu anafikiri."

Alhamisi ya wiki ya pili tangu niseme hapana, mwinjilisti wa usharika wetu alituma ujumbe: ubatizo ni Jumapili, anataka jina kabla ya Ijumaa jioni. Baba akasema kama hakuna jina yeye ataandikisha Neema, yaishe. Neema ni jina zuri, sisemi kitu. Lakini mama aligeukia ukutani.

Mchana ule tulikuwa jikoni, bibi na mimi, tunamenya ndizi. Mvua nyepesi ilikuwa inagonga bati. Kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuwa mtu mbaya, nikauliza, "Bibi, kwani akiitwa hilo jina, wewe utapata nini?"

Akasema, "Nitalisikia."

Nikamwambia sielewi. Akaweka kisu chini. Akaniambia kwamba alipokuwa kwao aliitwa Elena kutwa nzima. Elena lete maji, Elena mbuzi wako wapi, Elena umelala? Akaolewa, akawa mke wa fulani. Akazaa, akawa mama wa fulani. Wakwe zake wa kiume hawawezi kulitaja jina lake, ni adabu. Wake za wanawe hawawezi. Wajukuu wanasema bibi. Babu alikuwa anamwita kwa kikohozi. Aliyebaki akimwita Elena ni mama yake mzazi, basi, na mama yake alipofariki hakuna tena aliyemwita. Alisema hayo bila huzuni yoyote, kama mtu anayekuambia kisima kilikauka mwaka gani.

"Jina langu lipo kwenye kitabu cha kanisa," akasema. "Lakini kitabu hakina sauti. Nataka nilisikie uani, mchana, mtu analiita kwa kelele."

Nikamwambia, "Lakini mimi si ninaitwa hivyohivyo? Ungekuwa unaniita mimi."

Akacheka. "Wewe? Wewe ni mama mkwe wa binti yangu. Nitaanzaje kupayuka jina lake kwenye uwanja wake?"

Ndipo nikaanza kuhesabu, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Mama hakuniita Helena hata siku moja, kwa sababu ni jina la mkwe wake, aliniita mama. Baba naye aliniita mama, nikiwa mama yake. Bibi aliniita mama. Wadogo zangu, dada. Jina nililokuwa nimelikalia kama kuku anavyokalia mayai, ndani ya nyumba yetu hakuna aliyekuwa analitumia. Aliyeliita ni mwalimu tu, na mara nyingi ilikuwa kwa kosa la hesabu.

Nilimenya ndizi mbili nzima. Kisha nikauliza kile kilichokuwa kinaniumiza tangu mwanzo, "Na mimi nitabaki nani?"

Bibi akanishika kidevu kwa vidole vyake vya utomvu. "La kwenu linabaki lenu. Hata ukilisikiliza, la kwenu linaanza na pumzi. Letu linaanza na mdomo. Hayawezi kupigana." Akachukua kisu. "Menya."

Asubuhi ya Ijumaa niliamka kabla ya wote nikaenda kwenye nguzo. Nilitaka kufanya mambo kwa heshima, nimfungue kuku, nimshike kwa mikono miwili kama bibi alivyofanya, nimpelekee. Kuku hakuwa na mpango huo. Alikuwa amefungwa karibu wiki tatu na alikuwa na mambo yake. Akaniparua mkono, akaruka ukuta, akapita kwenye mchicha wa mama, akaingia kwenye kiwanja cha jirani kati ya marundo ya matofali. Nikapiga kelele. Wadogo zangu wakatoka na chupi tu. Baba akatoka na kiatu kimoja. Mafundi wakaacha nyundo wakajiunga. Tulizunguka Sombetini nzima, nakuambia, na aliyemkamata mwishoni ni mwalimu, kwa kumrushia kanga.

Nilirudi uani nimejaa tope, kuku kifuani. Bibi alikuwa amesimama mlangoni ameshika mwiko. Hakujua kama nilimfungua kuku ili amrudishe mlimani au vipi. Nilimwona anaogopa. Sikuwahi kumwona bibi anaogopa kitu.

Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Kuku achinjwe."

Hakuitikia shikamoo yangu. Alikwenda kwa mama, akamtwaa mtoto na mablanketi yake, akatoka naye hadi katikati ya uwanja. Mlima Meru ulikuwa umefunguka siku ile, baada ya wiki nzima ya mawingu, uko wazi mpaka juu. Bibi akajaza kifua akaita jina lake mwenyewe, kwa nguvu, ile "le" akaivuta mpaka nikadhani pumzi itamwisha. Mafundi wakageuka. Mtoto akaamka akalia. Bibi akasimama, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza. Halafu akaniambia, "Marahaba, mwanangu," na akaanza kuchemsha maji ya kunyonyolea.

Tulimla yule kuku Jumapili, akiwa mgumu kama kamba, na loshoro, na chapati alizoleta mwalimu. Mayai tulikaanga yote siku moja. Matatu yalikuwa yameharibika, na baba alisema hiyo ndiyo faini ya kiburi changu. Mwinjilisti aliinua kalamu akamwuliza baba, "Mnao Helena wawili?" Baba akajibu kwa sauti ya mfanyabiashara, "Mmoja wa Machame, mmoja wa Meru. Mali tofauti."

Lakini unaona tatizo lililobaki. Mama hakuweza kumwita mtoto kwa jina la mama yake mzazi, akamwita mama. Baba hakuweza kutaja jina la mkwe wake, naye akamwita mama. Nyumba ikawa na mama watatu, na ukisema "mama" kwetu tuliitika watatu. Kwa hiyo kazi ya kuita ikawa yangu. Mimi sikuwa nafungwa na mtu. Likizo zilizofuata tulikwenda mlimani wawili, na sikununa, au nilinuna kidogo tu. Bibi akiwa kwenye kahawa alikuwa ananiambia, "Mwite mwenzako." Mdogo wangu pengine alikuwa hapo hapo, hatua tatu, anachezea tope la mfereji. Nilimwita hivyo hivyo, kwa kelele, kwa matamshi ya kule, na bibi alikuwa anaacha kuchuma mpaka sauti iishe kwenye migomba.

Miaka imekwenda. Kahawa nyingi imeng'olewa, watu wamepanda nyanya, na mfereji umebaki alama kwenye nyasi. Sombetini imemaliza kujenga, au angalau imeezeka. Mdogo wangu anafanya kazi Dar es Salaam, wenzake wanamwita Helin, na simlaumu, jina linafuata mdomo unaolilisha. Tukitaka kusemezana tunaandikiana kwenye simu, na kwenye simu mtu haiti, anabonyeza. Watoto wa siku hizi wanapewa majina kwa kura kwenye kundi la familia, majina mazuri sana, yanapatikana kwa dakika tano na hayamsumbui kuku. Nafurahi nao. Lakini sijamsikia mtu anaita mtoto kutoka uwanja mmoja hadi mwingine kwa miaka mingi, na nikikuambia silikumbuki hilo kwa uchungu nitakuwa nakudanganya.

Mara ya mwisho kuliita jina lile mlimani nilikuwa mtu mzima, nimeshaanza kazi. Bibi alikuwa kitandani, mwepesi, macho yamefifia, ila akili iko palepale. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, nilikuwa nimemaliza kumnywesha uji. Akaniambia, "Mwite mwenzako."

Nikamwambia, "Bibi, hayupo. Yuko shule ya bweni, atakuja Desemba."

"Najua," akasema. "Mwite."

Nikaenda mlangoni, nikaelekea migombani, nikaita kwa nguvu zangu zote, "Eleenaa!" Mbwa wa jirani akabweka. Na nyuma yangu, kitandani, sauti nyembamba ya binti anayeitwa na mama yake ikaitika, "Abee!"